TMDD au WZDx? Kuunganisha vituo viwili vya trafiki bila kuchanganyikiwa

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni developa, niko Marekani, kampuni yetu imepata kazi ya kuunganisha vituo viwili vya kusimamia trafiki, kila kimoja kiko jimbo lake na majimbo yanapakana. Bosi mmoja anasema tufuate TMDD, ile standadi ya meseji kati ya vituo vya trafiki, maana ndo iliyoandikwa kwenye mkataba, mwenzake anasema hiyo ni ya kizamani, tutumie WZDx, ile standadi ya taarifa za matengenezo ya barabara inayoandikwa kwa JSON, tumalize. Nimesoma manyaraka mpaka macho yanauma. Nifuate lipi? Na kwa nini hawa jamaa hawana mfumo mmoja tu nchi nzima?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi.

Jibu fupi kwanza ili ulale. Fuata mkataba. Kama umeandika TMDD basi vituo viongee TMDD, na WZDx ibaki kuwa ya kutoa taarifa za matengenezo ya barabara kwenda nje, kwa watu wa ramani na makampuni ya magari, maana ndo kazi iliyotengenezewa. Hao mabosi wako wala hawabishani, kila mmoja anaongelea mlango wake. Ila sasa hata ukichagua vizuri kabisa, miradi ya namna hii haifii kwenye fomati ya kuandikia data, iwe XML au JSON, inafia kwenye mambo matatu ambayo hakuna standadi itakayokumalizia: tukio liko wapi, tukio hili ni lile lile au ni jingine, na limeisha au bado. Hayo ndo nataka tukae nayo, mengine nitayapitia haraka.

Kwa nini hakuna mfumo mmoja: kule barabara ni mali ya majimbo. Hata zile Interstate, yaani barabara kuu zinazovuka majimbo, serikali kuu inatoa hela lakini jimbo ndo linamiliki na kuendesha, halafu ndani ya jimbo mji una kituo chake, mamlaka ya barabara za kulipia ina cha kwake, na kila mmoja alinunua mfumo wakati wake kwa kontrakta wake. Watu wa New York, New Jersey na Connecticut waliliona tatizo mapema wakaunda TRANSCOM, shirika lao la pamoja, mwaka 1986, na enzi hizo kushirikiana ilikuwa simu na peja, ajali ikitokea upande mmoja wa daraja mtu anampigia mwenzake wa upande wa pili. Serikali kuu haikulazimisha mfumo mmoja, ilichora ramani ya jumla ya namna mifumo inavyotakiwa kuungana, hiyo ilitoka 1996, halafu mwaka 2001 ikaja kanuni ambayo watu wa kazi hii wanaiita Rule 940: unataka hela ya serikali kuu kwa mradi wa teknolojia ya barabara, onesha mpango wa eneo lako unaoendana na ile ramani, na utumie standadi zinazohusika. Ndo maana TMDD iko kwenye mkataba wako, mara nyingi hela ndo imeileta pale.

Sasa TMDD yenyewe. Watu wanaichanganya sana na NTCIP 2306 kwa hiyo tuitenganishe. TMDD, inayosimamiwa na ITE (chama cha wahandisi wa usafiri) pamoja na AASHTO (chama cha maofisa wa barabara wa majimbo), inakwambia meseji ina nini ndani: tukio lina sehemu gani, kamera inaelezwaje, bodi ya ujumbe ya barabarani inaelezwaje, na nani anaanza kuongea na nani anajibu. NTCIP 2306 inakwambia hiyo meseji inasafirije: kuomba na kujibiwa, kujiandikisha halafu ukawa unatumiwa kila kikibadilika kitu, au kuchukua faili la XML kwenye seva. Kuna njia nyingine mbili zilikuwepo zamani, DATEX-ASN na CORBA, ukizikuta kwenye nyaraka ruka tu.

Kwa matukio tumia kujiandikisha, kwa orodha za vifaa na vipande vya barabara tumia kuomba. Na hapa kuna kitu kidogo kinachokula muda wa watu: ukijiandikisha, mwenzako ndo anakuja kugonga mlango wako kukuletea meseji, kwa hiyo wewe mpokeaji nawe lazima uwe na seva inayosikiliza, maana yake watu wa IT wa pande zote mbili wafungue njia ya kuingia kwenye fayawoli zao. Ombi hilo peleka siku ya kwanza ya mradi. Usisubiri kodi ya programu iishe, IT wa serikali hawana haraka na wewe.

Jingine kabla sijasahau: kontrakta akikwambia mfumo wake "unafuata TMDD" usishangilie. TMDD toleo la 3 lina jedwali kubwa la mahitaji, na mengi ni hiari, mwenye kituo anatiki anayoyataka. Kituo A kimetiki matukio na kamera, kituo B kimetiki bodi za ujumbe na hali ya vipande vya barabara, wote wawili wanafuata standadi kwa haki kabisa na hawana hata kitu kimoja cha kuambiana. Chukua majedwali yote mawili uyaweke sambamba, ujue ni mistari ipi imetikiwa pande zote, hiyo ndo kazi yako halisi na huwa ni ndogo kuliko mkataba unavyojionesha. Iliyobaki peleka kwa mabosi waamue nani aongeze nini na kwa hela ya nani.

Haya, tukio liko wapi. Chukua I-95, Interstate ya pwani ya mashariki, inapotoka Maryland kuingia Delaware. Vile vibao vya maili pembeni ya barabara vinahesabu kuanzia mpaka wa kusini au wa magharibi wa jimbo, kwa hiyo upande wa Maryland uko maili zaidi ya mia, unavuka mstari unaanza sifuri. Ajali ikitokea maili 2 halafu mfumo wako umepokea "I-95, maili 2" bila jimbo, kuna I-95 majimbo 15, kila jimbo linaanza na sifuri yake. Utasema si tutumie latitudo na longitudo basi, yameisha. Hayajaisha. TMDD inaandika hizo namba kama namba nzima za sehemu ya milioni ya digrii, yaani 39.7 inaandikwa 39700000, wakati GeoJSON, aina ya JSON ya kuandikia mahali kwenye ramani, ambayo WZDx imejengwa juu yake inaandika desimali na inaanza na longitudo ndo latitudo ifuate. Ukigeuza mpangilio, ajali yako ya Delaware inaenda Antaktika. Ukisahau alama ya kutoa kwenye longitudo inaangukia Uchina magharibi, karibu na Kashgar. Hizo angalau zinaonekana kwenye ramani ukacheka ukarekebisha, mbaya ni zile ndogo: nukta imeanguka kwenye barabara ya pembeni inayokwenda sambamba na barabara kuu, au kwenye daraja linalopita juu, au upande wa magari yanayorudi, mfumo wa jirani unaamini na kuwasha bodi ya ujumbe upande usio na ajali.

Uelekeo nao usiuchukulie poa. I-95 ikiwa Connecticut inaitwa kaskazini na kusini kwenye vibao vyote, lakini barabara yenyewe inakwenda mashariki-magharibi kando ya bahari. Developa akipiga hesabu ya uelekeo kutoka kwenye nukta mbili atapata mashariki, meseji inasema kaskazini, programu inatupa tukio kwa sababu "data hazilingani". Fuata kibao, achana na dira. Na leni vilevile: California leni namba 1 ni ile ya ndani kushoto, karibu na katikati ya barabara, WZDx nayo inahesabu kuanzia kushoto, lakini kuna vituo vinavyohesabu kutoka bega la kulia. "Leni 1 imefungwa" ni taarifa mbili tofauti kabisa kutegemea nani kaandika, na dereva wa gari la kuvuta anayeambiwa aje na leni iliyo wazi hataki kujua standadi yako inasema nini.

Kwa hiyo kabla hujaandika mstari wa kodi wakae watu wa pande zote wakubaliane jedwali moja la vipande vya barabara pale mpakani: kipande namba fulani kwangu ni namba fulani kwako, kinaanzia hapa kinaishia pale, uelekeo huu, leni ngapi, zinahesabiwa kutoka wapi. Si lazima jimbo zima, chukueni umbali ambao tukio la huko linasababisha foleni huku na njia za kuchepukia. Kazi hii inachosha, haina sifa, hakuna anayeitaka, na ndo inayobeba kila kitu. Tena jedwali liwe na mwenye kulitunza maana barabara zinaongezwa leni na eksiti zinabadilishwa namba.

La pili, utambulisho wa tukio. Lori limepinduka karibu na mpaka. Kituo A kinaona kwenye kamera, kinafungua tukio, kinalipatia namba yake. Kituo B kinapigiwa simu na polisi wa upande wake, nacho kinafungua tukio lake kwa lori lile lile. Sasa yapo mawili, yanasafiri kwenda na kurudi, na kama kuna kituo cha tatu kimeunganishwa na wote wawili utaona kitu kinaitwa mwangwi: A anamtumia B, B anampa C, C anamrudishia A kama tukio jipya lenye namba mpya, A analifungua upya, linazunguka. Lori limeshavutwa, barabara ina masaa iko wazi, lakini tukio halifi kwa sababu kila likifutwa mahali fulani mwenzake analileta tena.

Dawa yake inajulikana, ni nidhamu tu. Tukio likae na jina la kituo kilicholizaa na namba yake ya asili popote linapokwenda, anayelipitisha asilipe namba mpya, na ukipokea tukio lenye jina lako mwenyewe kama mzazi litupe. Kila badiliko liwe na namba ya apdeti inayopanda, ukipokea apdeti ya 4 baada ya ya 5 usiirudishe nyuma hali ya barabara. Na yale mawili ya lori moja lazima mtu, binadamu kwenye kiti chake, aweze kusema haya ni moja na la kwangu ndo la kufuata au la jirani. TMDD ina sehemu ya kutaja matukio mengine yanayohusiana, itumie. Kuunganisha kwa programu tu kwa kigezo cha "yako karibu na ya muda mmoja" mimi siamini sana, baada ya ajali moja kuna ajali ndogo nyuma kwenye foleni mara nyingi tu, na hizo kweli ni mbili.

La tatu, limeisha au bado, na hili nalipenda kwa sababu linaonekana jepesi. Mstari ukiwa kimya, kuna maana mbili: hakuna tukio, au laini imekatika. Bila meseji ya kuulizana "uko hai?" kila baada ya muda mfupi (TMDD inayo, usiizime ati inajaza logi) hutajua, na opareta wako atakuwa anaangalia ramani ya jirani iliyoganda tangu asubuhi akidhani kule kuna amani. Laini ikirudi usiendelee pale ulipoachia, omba orodha nzima ya matukio yaliyo hai, linganisha na uliyonayo, ambayo hayamo yafunge. Kila tukio liwe na muda wa kuisha nguvu, kama mwenye nalo hajalihuisha mpaka saa hiyo basi lionekane limechakaa, libadilike rangi, liondolewe kwenye taarifa za wananchi. Na saa zote ziandikwe UTC (saa moja ya dunia nzima) au ziwe na tofauti yake wazi, kwa sababu Jumapili ya kwanza ya Novemba Marekani wanarudisha saa nyuma na saa saba na nusu za usiku zinatokea mara mbili, tukio lililofunguliwa katika ile ya kwanza na kufungwa katika ya pili linaonekana limefungwa dakika ile ile lilipofunguliwa au hata kabla.

WZDx hapo kwenye muda imefanya kitu kizuri, lazima niseme. Kwenye toleo la 4 inatenganisha muda uliopangwa na muda uliothibitishwa, yaani kuna sehemu ya kusema "hii saa ya kuanza imehakikishwa" au "ni makadirio". Matengenezo ya barabara ni uongo mtupu kwenye ratiba, mvua inanyesha, lami haijafika, kontrakta anaondoka mapema, koni zimebaki. Kusema wazi kwamba hujathibitisha ni uungwana. Ukiweza, lete wazo hilo hata kwenye upande wako wa TMDD.

Umeshaona kwamba kadiri vituo vinavyozidi, tatizo linazidi kwa kasi. Vituo 10 vikiunganishwa kila kimoja na kila kimoja ni laini 45, kila laini ina majedwali yake. Ndo maana maeneo mengi yameishia kuwa na kitovu cha katikati. TRANSCOM ni hivyo. RITIS ya Chuo Kikuu cha Maryland ni hivyo pia, inapokea data za mashirika mengi kila moja kwa fomati iliyonayo, inatafsiri kuwa fomati moja, halafu inawarudishia wote. Huku kwetu cha kufanana kiko kwenye mizigo: KRA, URA na RRA, yaani mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda, wanafuatilia kontena kwa mfumo wa pamoja, likitoka Mombasa halihitaji kufungwa kifaa kipya kila mpaka kwenda Kampala au Kigali. Kwa vituo viwili kama vyako kitovu si lazima, ila uliza kama eneo lenu tayari lina kimoja, kwa sababu kama vituo vyote viwili vinapeleka data huko na wewe unavuta laini ya moja kwa moja kati yao, umeshaujenga ule mwangwi kwa mkono wako.

Ulaya kwa kifupi maana bosi wa pili lazima ataitaja. Wao wana DATEX II, sasa ni standadi ya CEN (shirika la viwango la Ulaya) namba 16157, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 kuhusu taarifa za trafiki za papo kwa papo ilitaka data zitolewe kwa DATEX II au fomati inayolingana nayo kikamilifu, kupitia dirisha moja la kila nchi. Kinachonivutia kwao ni namna walivyokubali kwamba kila nchi itataka kuongeza vyake: ngazi A ni modeli ya kawaida, ngazi B unaruhusiwa kuongeza vitu juu yake bila kumvunjia asiyevijua, anavipita tu anaendelea, na ngazi C unajenga ya kwako kwa kanuni zile zile ila usitegemee wa ngazi A akuelewe. Marekani nyongeza za kila kituo mara nyingi zinaingizwa kimya kimya na unazigundua pale programu inapogoma. Omba faili za skima, yaani muundo halisi wa meseji, za pande zote mbili, zile wanazotumia laivu leo, usikubali PDF ya standadi.

Kuhusu nini kisishirikishwe. Kuona na kuendesha ni vitu viwili, vituo vingi vitakubali jirani aone kamera yao lakini si kuizungusha, na bodi ya ujumbe hakuna anayekabidhi, jirani anatuma ombi opareta wa kwangu anabonyeza. Fanya hivyo na wewe, usibishane. Video yenyewe haipiti kwenye TMDD, kinachopita ni taarifa za kamera na pa kuipata. Kama kituo kimoja kinapokea matukio ya polisi moja kwa moja kutoka mfumo wao wa kupokea simu za dharura, chuja palepale mlangoni: aina ya tukio, mahali, leni, saa. Majina, namba za magari, maelezo ya majeruhi na kesi visiingie kabisa kwenye upande wa trafiki, kwa sababu vikishaingia kuna siku vitatoka kwenye taarifa zinazorushwa kwa wananchi na hakuna standadi itakayokutetea. Haya yote yaandikwe kwenye makubaliano kati ya mashirika na wanasheria wao wasaini, ikiwemo jirani anaruhusiwa kumpa nani mwingine.

Ukipata mtu mgumu kwenye kikao, kuna kanuni nyingine ya serikali kuu, 23 CFR 511 ya mwaka 2010. Kwenye Interstate, tukio linaloziba leni linatakiwa litolewe ndani ya dakika 20, na dakika 10 likiwa ndani ya eneo la jiji kubwa, na taarifa ziwe sahihi kwa asilimia 85. Ukimuuliza tu "hizi dakika 10 tunazianza kuhesabu pale kwako au zikifika kwa jirani?" utaona kikao kinaamka.

Halafu majaribio. Usikubali jaribio la kutuma meseji moja na kuona imefika, hiyo kila mtu anafaulu. Waombe opareta wa pande zote wakae usiku mmoja wenye trafiki ndogo, wafungue tukio la majaribio lililowekwa alama ya majaribio, walibadilishe leni, wakate laini katikati, wafungue jingine laini ikiwa imekatika, walifunge la kwanza, warudishe laini. Kila upande upige picha ramani yake. Kama baada ya dakika chache ramani zote mbili zina tukio lile la pili tu, leni ile ile, upande ule ule wa barabara, kasaini mapokezi.